Mkuu Akikosa, Alipe Nani?

Wazee wetu husema kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Maneno haya ni ya kweli kwa samaki walio ndani ya tenga moja, na hakuna mvuvi awezaye kuyabisha. Lakini twaona ya kuwa watu wengi huyachukua maneno hayo wakayatumia kwa wanadamu wa chama kimoja, au shule moja, au shirika moja. Mkuu wao akipatikana na hatia, mara utasikia, "Wote ni wale wale, nyumba yao na ibomolewe." Wengine nao hunena kinyume chake, kwamba kosa ni la mtu mmoja tu, na akiisha kufukuzwa, wenziwe hawana tena la kujibu. Leo twataka kuyapima maneno haya mawili, wala si kwa kubishana tu, bali kwa mambo yaliyotokea. Jambo kubwa tulilolichagua lilitokea Ufaransa na katika visiwa vya upande wa Amerika, katika karne ya kumi na nane. Tumelichagua kwa kuwa ndani yake mna kila kitu: mkuu mkosaji, wakubwa wake waliochelewa kuamka, wadai waliopoteza mali yao, shule zilizofungwa, na tena watu waliodhulumiwa kuliko wote, ambao hakuna hakimu aliyewauliza neno.

Katika siku zile Wafaransa walikuwa na kisiwa kiitwacho Martinique, nao walilima humo miwa, kahawa na nili kwa mikono ya watumwa waliochukuliwa Afrika. Palikuwa na misheni ya mapadre wa Shirika la Yesu, ambao huitwa Wajesuiti. Shirika hilo lilikubaliwa na Papa mwaka wa 1540, na kufika katikati ya karne ya kumi na nane lilikuwa na watu zaidi ya 20,000 katika nchi nyingi za dunia. Sifa yake kubwa ilikuwa shule. Katika Ufaransa peke yake lilishika shule kubwa zaidi ya 100. Sisi walimu twaweza kusema kwamba desturi nyingi za darasani tunazozifuata hata leo, kama kuwapanga wanafunzi kwa kadiri ya maarifa yao na kuyarudia masomo ya juma zima, zilipata nguvu kwa mikono ya watu wale. Twayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nyumba ya namna gani iliyotiwa moto.

Mwaka wa 1741 alipelekwa Martinique padre mmoja jina lake Antoine Lavalette, mtu wa miaka thelathini na zaidi kidogo. Baada ya muda alikabidhiwa mali ya misheni, nayo misheni ilikuwa na deni. Lavalette alikuwa hodari wa mambo ya fedha. Alinunua mashamba katika kisiwa jirani cha Dominica, akaweka humo watumwa wengi, akapeleka sukari na kahawa Ulaya. Fedha ya kuanzia aliipata kwa njia ya hundi. Matajiri wa kisiwani waliotaka kupeleka fedha zao Ufaransa walimpa yeye, naye aliwaandikia hundi za kulipwa huko baada ya muda mrefu. Katika muda ule fedha zao zilikuwa mkononi mwake, akazifanyia kazi. Na siku ya kulipa ilipofika, sukari ilikwisha kuuzwa na hundi ikalipwa. Mambo yalikwenda vizuri, maadamu merikebu zilifika salama.

Kwa sheria ya Kanisa padre hana ruhusa ya kufanya biashara. Mwaka wa 1753 watu walimshtaki kwa wakubwa wake, naye akaitwa Ufaransa kujieleza. Lakini maofisa wa serikali ya kisiwani waliandika barua za kumsifu, wakaomba arudishwe, kwa kuwa waliona faida ya kazi yake. Wakubwa wa shirika wakaridhika na barua zile, na mwaka wa 1755 Lavalette alikuwa amerudi kwake Martinique, mkuu wa misheni yote. Twaomba msomaji asiipite upesi habari hii. Tangu hapo, kosa halikuwa tena la mtu mmoja. Aliyeshtakiwa alisafishwa kwa barua za rafiki zake, wala hatusomi ya kuwa mtu yeyote alitumwa kisiwani kufungua daftari zake za hesabu.

Mwaka ule ule wa 1755 Waingereza, kabla vita haijatangazwa, waliziteka merikebu za biashara za Wafaransa kiasi cha 300. Ndani yake mlikuwa na mali ya Lavalette. Nyumba ya biashara ya Lioncy na Gouffre ya mji wa Marseille, iliyokuwa ikizipokea hundi zake, haikuweza kustahimili; mwanzo wa mwaka wa 1756 ikafilisika, ikimdai Lavalette livre milioni moja na nusu, ndiyo fedha ya Wafaransa ya siku zile. Badala ya kusimama na kukiri, Lavalette akazidi kukopa ili kulifunika shimo la kwanza kwa udongo wa shimo la pili.

Hapo ndipo wakubwa walipotaka kutuma mkaguzi. Wa kwanza alivunjika mguu. Wa pili akafa. Wa tatu akatekwa baharini na adui. Si hadithi tunayoitunga kwa kuchekesha, ndivyo ilivyotokea. Lakini pamoja na misiba hiyo yote twashangaa kidogo, kwani shirika hili lilikuwa limepeleka watu wake mpaka China na Paraguay, nalo lilishindwa kwa miaka mingi kumfikisha mtu mmoja Martinique akasome daftari. Hata mwaka wa 1762, Waingereza walipokuwa wamekwisha kukitwaa kisiwa, Padre de La Marche akapata hati ya kupita salama, akafika, akafanya baraza. Lavalette alikiri. Aliandika kwamba kosa ni lake mwenyewe, na ya kuwa hakuna mkubwa wake aliyempa ruhusa. Akaondolewa katika kazi zote, akatoka katika shirika, akafa huko Toulouse mwaka wa 1767.

Mpaka hapa tumesimulia habari za fedha, kama walivyosimulia watu wa zamani zile. Lakini liko jambo jingine. Wanahistoria wa siku hizi waliozisoma barua za kale wamedhihirisha kwamba Lavalette aliwatesa watumwa wa misheni hata wengine wakafa. Jambo hili halikuwa siri kwa watu wote. Ila livre zilizopotea zilipiga kelele nyingi zaidi. Mwenye hundi alikuwa na wakili na hakimu wa kumsikiliza. Mtumwa aliyekufa chini ya mateso hakuwa na hundi. Basi tutakapoitaja hukumu, tukumbuke kwamba ilikuwa hukumu ya madai ya fedha, na kwamba waliodhulumiwa zaidi hawakuwamo katika daftari ya wadai.

Wadai, miongoni mwao mjane mmoja mfanyi biashara wa mji wa Nantes na mwanawe, walifanya shauri. Hawakumshtaki Lavalette, maana hakuwa na kitu. Walilishtaki Shirika zima. Mwezi wa Januari 1760 baraza la wafanyi biashara la Paris liliamua kwamba Shirika zima lina deni lile. Wajesuiti wakakata rufani. Walikuwa na haki ya kupeleka shauri lao mbele ya baraza la mfalme, lakini walichagua kulipeleka mbele ya baraza kuu la hukumu la Paris, liitwalo Parlement, ambamo walikuwamo adui zao wengi tangu zamani. Kwa nini walifanya hivyo? Waandishi hawapatani juu yake. Sisi twaona kwamba watu waliozoea kuheshimiwa husahau upesi kwamba wapo wasiowapenda.

Maneno ya pande mbili yalikuwa haya. Wajesuiti walisema kwamba kwa kanuni zao kila nyumba ina mali yake; shule ya mji huu haiwezi kulipa deni la nyumba ya mji ule, kama vile jirani asivyolipa deni la jirani. Wadai walijibu kwamba kwa kanuni zizo hizo Mkuu wa Shirika aliyeko Roma ana amri juu ya kila mtu na kila kitu. Akisema neno, mtu hutoka Paris akaenda India bila kuuliza. Basi ikiwa amri ni moja, na mali ni moja, na deni ni moja. Hamwezi kuwa mwili mmoja siku ya kutoa amri, mkawa miili mia siku ya kulipa.

Wapenzi wasomaji, tumeyafikiri sana maneno haya ya wadai, wala hatuoni namna ya kuyajibu. Tajiri wa Martinique aliyempa Lavalette fedha hakumpa kwa kuwa alimjua Lavalette. Alimpa kwa sababu ya Shirika lililokuwa nyuma yake. Jina la Shirika ndilo lililokuwa rehani. Na aliyeacha jina lake litumike kuwa rehani, tena aliyeonywa mwaka wa 1753 asifungue daftari, hawezi kusema siku ya deni kwamba hamjui mdai. Tarehe 8 Mei 1761 Parlement ikaamua vivyo hivyo: Shirika zima lilipe. Tungekuwa tumekaa katika baraza lile, sisi nasi tungaliamua hivyo.

Lakini mambo hayakukoma hapo. Kwa kuwa Wajesuiti walizitaja kanuni zao mahakamani, Parlement ikaamuru kanuni zenyewe ziletwe zisomwe. Zikasomwa, na watu waliokuwa wakingoja kwa miaka mingi wakapata nafasi. Shauri la deni likageuka kuwa shauri la Shirika lenyewe: kama lafaa kuwako au halifai. Tarehe 6 Agosti 1762 Parlement ya Paris ikaamua kwamba Shirika si halali katika ufalme; mapadre waache kuishi pamoja na waache mavazi yao, na shule zao zitwaliwe. Mwezi wa Novemba 1764 Mfalme Louis wa kumi na tano akalifuta katika Ufaransa yote. Ureno ilikwisha kuwafukuza mwaka wa 1759, na Hispania ikawafukuza mwaka wa 1767, kwa sababu zao nyingine. Na mwaka wa 1773 Papa Clement wa kumi na nne, akisukumwa na wafalme, akalivunja Shirika. Mkuu wake, Lorenzo Ricci, alifungwa katika ngome huko Roma, akafia humo mwaka wa 1775. Si kweli basi kusema kwamba Lavalette peke yake aliliangusha Shirika. Alilifungua lango tu, na waliokuwa nje wakiwa na mienge yao wakaingia.

Fikiri sasa juu ya mwalimu mmoja wa siku zile katika mji mdogo wa Ufaransa, afundishaye Kilatini na hesabu. Hajapata kuiona Martinique. Hajui hundi. Asubuhi moja aambiwa kwamba shule imefungwa, avue kanzu yake, atoke. Na watoto wake waambiwa waende nyumbani hata atakapopatikana mwalimu mwingine. Na mahali pengine alipatikana upesi, na mahali pengine hakupatikana, au alipatikana asiyejua kazi. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mwenye hundi wa Nantes alipata faida gani kwa mtoto yule kukosa shule? Hakupata hata senti moja.

Hapa ndipo tunapoona njia mbili zikiachana, nazo ni deni na hatia. Watu wetu huzijua tangu zamani bila kufundishwa na Wazungu. Mtu akifa akiacha deni, wanawe hawagawani urithi mpaka deni lilipwe. Mdai huja msibani, akasimama mbele ya wazee, akasikilizwa, na wana hulipa ijapokuwa wao hawakukopa. Hakuna aonaye kwamba wameonewa, kwa maana wamekula katika shamba lile na watarithi ng'ombe wale. Lakini ikiwa baba yao alikuwa mwizi, hakuna baraza la haki litakalowafunga wana kwa wizi wake. Wasomaji wetu wakumbuka habari za Akani, jinsi jamaa yake ilivyoangamia pamoja naye. Nao wakumbuka pia nabii Ezekieli, aliyekataza mtu kuyachukua makosa ya baba yake. Deni hupita toka mkono hata mkono pamoja na mali. Hatia haipiti, ila kwa yule aliyejua akanyamaza, au aliyefaidiwa akaficha. Hukumu ya Mei 1761 ilikuwa ya deni. Ile ya Agosti 1762 iliivaa nguo ya haki, lakini ilikuwa inatafuta hatia katika nyumba 100 ambazo hazikuiona bahari.

Wengine watasema, "Lakini adhabu kubwa hutia hofu, na mashirika mengine yatajiangalia." Pengine. Ila twaona mara nyingi kwamba hofu ya kuvunjwa huwafanya wakubwa wafiche zaidi, si wakiri zaidi. Mkuu ajuaye kwamba akiungama kosa la mwenzake atalipwa fadhila ya kuangaliwa na kurekebishwa, ataungama. Mkuu ajuaye kwamba akiungama nyumba yote itabomolewa, atazifungia barua ndani ya sanduku.

Tazama jambo jingine, la karibu na kwetu. Mwaka wa 1876 Wascotland walifungua misheni katika milima ya Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi, wakaiita Blantyre kwa jina la mji alikozaliwa Livingstone. Wakubwa wao waliokuwa Scotland walitaka kituo kiwe kama mji wenye kujitawala, maana serikali ya Kizungu haikuwako bado. Hivyo wamisionari wakawa na hakimu, na gereza, na kiboko. Mwaka wa 1878 akaja Duff Macdonald kuwa mkuu. Katika siku zake watu walipigwa viboko vikali kwa wizi, hata mmoja akafa. Na mwingine aliyeshtakiwa kwa kuua mtu alihukumiwa na wamisionari wenyewe, akapigwa risasi. Mwaka wa 1880 msafiri mmoja, Andrew Chirnside, akayatangaza mambo hayo kwa kitabu kidogo huko Uingereza, na kelele zikawa nyingi.

Walifanya nini? Hawakuahirisha miaka saba. Mwaka ule ule wakatuma padre mmoja, Dr. Rankin, pamoja na mwanasheria, Pringle, waende wakaulize mahali penyewe. Kisha Macdonald na wenziwe wawili wakaondolewa, na misheni ikakatazwa kushika kazi ya hakimu na mwenye gereza. Mwaka wa 1881 akaja David Clement Scott, naye hakupewa kiboko. Kanisa kubwa la matofali lililojengwa Blantyre na mafundi Waafrika, toka mwaka wa 1888 hata mwaka wa 1891, lingali limesimama. Hatusemi kwamba yote yalitengenezwa. Wakubwa wa Scotland waliotaka mji wenye kujitawala hawakufukuzwa, walifukuzwa waliotumwa. Na jambo hilo latukera kila tunapolisoma. Lakini kilichoondolewa kilikuwa kile kilichozaa ubaya, yaani kiboko mkononi mwa mhubiri, na shule haikufungwa.

Je, hakuna chama kinachostahili kuvunjwa? Kipo. Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji, iliyowekwa mwaka wa 1885, haikuwa nyumba njema yenye mkuu mbaya. Ilikuwa imejengwa ili kutoza watu mpira na pembe kwa nguvu. Ubaya ulikuwa ndio kazi yake. Kuwafunga maofisa wadogo watatu wanne, kama ilivyofanyika, kulikuwa ni kukata matawi na kuuacha mti. Ikavunjwa mwaka wa 1908, nchi ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Lakini hata hapa msomaji na aangalie jinsi ilivyovunjwa. Mwenye makosa hakulipa, bali alilipwa: Leopold aliahidiwa faranga milioni 50 kuwa shukrani kwa taabu aliyoipata kwa ajili ya Kongo, na fedha hizo zilikusudiwa kutoka Kongo yenyewe. Waliokatwa mikono hawakuwamo katika mapatano. Dola ile ilipokufa, hapakuwa tena na wa kudaiwa.

Na hili ndilo tunalotaka kulisema kwa nguvu kwa wasomaji wetu walio katika vyama vya kuzikana, na vyama vya ushirika, na kamati za shule. Mtunza fedha akila fedha za watu, wanachama hukasirika, na hasira yao ni ya haki. Katika mkutano mmoja husimama akasema, "Chama hiki kimeoza, na kivunjwe leo," na watu hupiga makofi. Lakini mtazame ni nani apigaye makofi mengi. Mara nyingi ni yule aliyekula, au ndugu yake. Kwa maana chama kikivunjwa, daftari hutupwa, muhuri hupotea, na mjane aliyetoa ada yake kila mwezi kwa miaka kumi hana tena mlango wa kubisha hodi. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyekufa halipi. Basi afadhali chama kibaki kikiwa maskini, kiuze hata viti vyake, wakubwa wake wote waliotia sahihi bila kusoma waondolewe, daftari ziwekwe mezani kila mtu azione, na kila mwezi kilipe kidogo kidogo. Adhabu hii si nyepesi. Ni ndefu kuliko kuvunjwa, nayo huwaaibisha walio hai.

Tumalizie na Shirika lile lile tulilolianza. Papa Pius wa saba alilirudisha mwaka wa 1814. Huko Marekani, katika nchi ya Maryland, Wajesuiti walikuwa na mashamba yenye watumwa. Mwaka wa 1838 mkuu wao wa huko, Thomas Mulledy, aliwauza watu 272, wanaume kwa wanawake na watoto wadogo, wapelekwe Louisiana, kwa dola 115,000. Na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mkuu wa Shirika huko Roma alikuwa ameruhusu mauzo kwa masharti: watu wa jamaa moja wasitenganishwe, na fedha zisilipe madeni. Masharti hayo yakavunjwa. Mwaka wa 1839 Mulledy akaondolewa katika ukuu wake, na kwa watu wa siku zile jambo likawa limekwisha. Mkosaji ameondoka, nani tena wa kuulizwa? Jina lake likaandikwa juu ya jengo la chuo.

Lakini watu wale 272 walizaa, na watoto wao wakazaa, na wengi walikaa Louisiana, hata wajukuu wao wa leo wamejulikana kwa maelfu. Wamejulikana kwa sababu chuo na Shirika havikufa, na karatasi zao hazikutupwa: orodha ya mauzo ipo, na vitabu vya ubatizo vipo. Mwaka wa 2015 wanafunzi wa Georgetown walikataa kuliona jina la Mulledy juu ya mlango. Tarehe 18 Aprili 2017 wakubwa wa chuo na wa Shirika walisimama mbele ya wajukuu wale wakaomba msamaha. Na mwaka wa 2021 Wajesuiti wa Marekani wakaahidi kukusanya dola milioni 100 kwa ajili yao. Wako wanaosema kwamba ni kidogo, na wako wanaosema kwamba ahadi hutekelezwa polepole mno. Hao wanajua mahali pa kupeleka neno lao, nao wapo watu huko wanaopaswa kulijibu.

Katika orodha ile ya mwaka wa 1838 jina la kwanza kuandikwa ni la mtu mmoja aitwaye Isaac. Jengo lililokuwa la Mulledy sasa laitwa kwa jina la Isaac Hawkins.